Kichwa Kilichobaki Nusu

Jumamosi mie sipendi kutembea mitaani, na wanaonijua hapa Temeke wanadhani ni uzee. Siyo uzee. Jumamosi ndiyo siku ya watoto wa kike kusukwa. Kila kibaraza utamkuta mama au dada mtu kakaa kwenye stuli, mtoto yuko chini katikati ya magoti yake, na kwa vile hakuna msusi anayemaliza kichwa bila kukumbuka kitu alichosahau, mtoto atainuliwa kazi ikiwa katikati atumwe dukani. Basi atatoka mbio hivyo hivyo alivyo, upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama. Wenzake wanamtania, naye anaufunika upande ule kwa kiganja. Mie siwezi kucheka. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, nimezika mume, nimezika ndugu, na si mtu wa kuhangaika na mambo ya mizimu. Lakini mtoto wa nusu kichwa akinipita mbio lazima nigeuke nimtazame usoni, nihakikishe kwamba siye.

Mwezi uliopita Shangazi Perusi alifariki kule Kiwalani, kitandani kwake, katika chumba kilekile alichopanga tangu ujana wake. Nilifika msibani vijana bado wanahangaika na kamba za turubai. Sijavua hata viatu, mama mmoja wa kanisani akanisogelea akaninong'oneza. "Dada Koku, kuna bibi ameingia kwa marehemu. Sie tulikuwa tumeshamwosha na kumvisha, bado kitambaa cha kichwa. Akaomba tumpishe, akaomba na kitana na mafuta, akafunga mlango. Tunaona vibaya kumtoa, ni mtu mzima sana." Nikamuuliza katokea wapi. "Anasema Mabibo." Nikamwambia wamwache. Nikatafuta kiti nikakaa uani. Nilijua ni Mama Eliza, jirani yetu wa zamani, na kitana kile nilijua ni cha nini.

Mwaka uliotuunganisha sisi watatu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Mambo ya kwetu Bukoba na sababu za kuletwa Dar nayaacha, hayana utamu. Nianzie pale mlangoni, na begi langu, nikitazama chumba ambacho nusu yake ilikuwa kitanda na nusu yake ilikuwa cherehani, katikati pazia la kitenge. Shangazi alishona sare za shule na majoho ya kwaya. Vipande vya kitambaa cha zambarau vilikuwa kila mahali, chini ya godoro, ndani ya sufuria, vingine nilivikuta kwenye chakula. Chumba kilinukia mafuta ya cherehani na ndizi, kwa sababu Shangazi hakukubali kwamba mtu anaweza kushiba wali. Alikuwa anakwenda mpaka Mabibo sokoni kufuata ndizi za kwetu, anagombana na wauzaji, anarudi na mkungu amechoka na amefurahi. Tulikula ndizi na maharage mchana, ndizi na dagaa jioni. Nyumba ilikuwa na korido moja na vyumba huku na huku, kila chumba familia. Mwenye nyumba, Bi Mwanaidi, Mzaramo wa Dar hii hii, alikaa chumba cha mbele, na siku akipika kisamvu cha nazi alikuwa ananiita kwa siri. "Njoo wewe mtoto, shangazi yako atakuotesha mgomba tumboni."

Chumba kilichotazamana na chetu walikaa Mama Eliza na binti yake. Mama Eliza alikuwa karani, mwanamke mrefu, mpole, asiyezungumza sana. Eliza alikuwa na miaka kumi na miwili lakini ukimwona utasema minane. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtoto kwenye mifupa. Siku njema alikuwa mtundu kama wenzake. Siku mbaya vidole vyake vilivimba hata kifungo cha gauni hakuweza kukifungua. Alikuwa anakuja kwetu ananyoosha shingo, "Dada Koku, nifungulie kitambaa," maana fundo dogo tu la kitambaa cha kichwani lilimshinda. Nami nilikuwa najibu kwa kiburi cha umri ule, eti nani kakufunga, nenda kwake. Lakini nilikuwa namfungulia.

Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na nyumba nzima ilimwita Mwalimu. Jumamosi alasiri watoto walikusanyika uani kusukwa kwa ajili ya kanisa kesho yake, na Shangazi alisuka huku anasimulia. Sijawahi kusikia mtu anasimulia Maandiko vile, na nimesikia wahubiri wengi, wakiwemo hawa wa siku hizi wanaotupigia kelele kwa maspika mpaka sufuria zinatikisika rafuni. Shangazi hakupaza sauti. Alikwambia yule mwana mpotevu aliporudi nyumbani mbwa ndiye aliyemtambua kwanza, na ya kwamba baba yake alipotoka mbio ndala moja ilimvuka, akaiacha. Alikwambia wali wa arusi ile ya Kana ulikuwa umeungua kidogo chini, na Mariamu aliunusa kabla ya mtu yeyote. Kiwalani ni jirani na uwanja wa ndege, na ndege ikipita hakuna kinachosikika. Shangazi alikuwa ananyamaza, ananyanyua kitana juu, watoto wote wanamtazama yule aliyekishika. Mngurumo ukiisha anakishusha na kuendelea palepale. Nadhani katika ule ukimya kila mtoto alikuwa anaendelea na hadithi mwenyewe.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote alikuwa anamsuka Eliza. Akaleta habari ya yule binti wa mkuu wa sinagogi, aliyekufa na Yesu akamfufua. "Alikuwa kama Eliza hapa," akasema, "amekaa katikati ya magoti ya mama yake. Upande huu umekwisha, upande huu bado. Akasema, mama, kichwa kinaniuma. Mama akadhani anakwepa kusukwa. Akamwambia tulia." Watoto wakacheka kwa sababu wote walishaambiwa hivyo. Basi binti akafa na nusu kichwa. Waombolezaji wakajaa, Yesu akawatoa nje, akamshika mkono, akamwinua, akasema apewe chakula. Eliza akauliza bila kugeuka, maana hakuruhusiwa kugeuka, "Na nywele?" Shangazi akapitisha kitana mara moja, mara mbili. "Alipokwisha kula akarudi kukaa palepale. Mama yake akammalizia."

"Na Yesu akaondoka?"

"Aondoke aende wapi? Alivuta kigoda akakaa, akamngoja mpaka mstari wa mwisho. Alitaka kumwona alivyopendeza."

Bi Mwanaidi, aliyekuwa anachagua mchele mlangoni kwake, akasema taratibu, "Isa huyo wa kwenu ana subira na watoto." Mie nilikuwa nafua, nikagundua nimeshika shati la Shangazi lililojaa povu na sijui limekaa mikononi mwangu tangu lini. Nilikuwa nimemwona. Kigoda chenyewe nilikiona, kile chetu cha kukunia nazi, mbuzi wetu, na Yeye amekikalia upande upande ili asichomwe na meno.

Mwinjilisti wetu naye alikuwapo, amekuja kuchukua majoho. Alikuwa mtu mwema, mwenye haki kupita kiasi. Alimngoja Shangazi chumbani, nami nikiwa nyuma ya pazia naandaa chai nikawasikia. "Perusi, haya ya nywele umeyasoma wapi?" Shangazi akamjibu, "Imeandikwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Wewe umeshawahi kuona binti wa miaka kumi na miwili asiyekuwa na ugomvi na kitana?" Mwinjilisti akacheka, halafu akaacha kucheka. "Watoto hawajui Neno linaishia wapi na wewe unaanzia wapi." Shangazi akasema watoto wanajua sana. Akaongeza, na sauti yake nilisikia imebadilika, "Mie nikisoma nawaona, Mwinjilisti. Nifanyeje? Nifumbe macho?" Nikawapelekea chai.

Maumivu yalimshika Eliza Jumamosi nyingine, mvua za masika zikiwa zinaanza, akiwa chini katikati ya magoti ya mama yake mwenyewe. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Alisema kichwa kinamuuma, kisha kifua, kisha akawa hasemi. Wakampeleka hospitali na kitambaa kichwani. Tulipokwenda kumwona, mie na Shangazi, na uji kwenye chupa ya chai, tulimkuta macho yamekuwa makubwa, midomo imekauka. Kitambaa kilikuwa kimesogea. Shangazi akaona. Akamuuliza Mama Eliza kwa upole, "Mbona hujammalizia? Mnaweza kupokezana, mimi nitashika kichwa." Mama Eliza akakiweka kitambaa vizuri. "Nitammalizia akiinuka, Mwalimu."

Sikuelewa mpaka nilipouona uso wa Shangazi. Eliza akavuta gauni la Shangazi. "Mwalimu, usiwaache wanimalizie. Nesi alitaka kunimalizia, nikakataa." Akapumua kwanza. "Isimulie." Na Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda akaisimulia yote, kwa sauti ya chini, na akina mama wa vitanda vya jirani wakanyamaza wakasikiliza. Alipofika kwenye kigoda sauti ilimkauka. Eliza akammalizia yeye. "Alitaka kumwona alivyopendeza," akasema, na akafumba macho kwa raha kabisa. Njiani kurudi tulishuka sokoni Buguruni kununua nyanya, na Shangazi hakugombana na mtu.

Eliza hakuinuka. Mwili ulirudishwa nyumbani asubuhi ya maziko, ukawekwa chumbani kwao. Uani wanawake walikuwa wanasukana twende kilioni, ile mistari mitupu ya kurudi nyuma ya kwendea msibani, harakaharaka, na vidole vyao vilikuwa ndiyo sauti pekee. Ndani walishamvisha Eliza gauni jeupe la kipaimara ambalo lilikuwa linamsubiri akue. Walipotaka kumfumua nywele au kuzimalizia, mama yake akawazuia mikono. Bi Mwanaidi, aliyekuja kusaidia kama mtu wa nyumba, akasema, "Kwetu sie maiti hufumuliwa, akaoshwa, akasukwa upya mafungu matatu. Lakini mtoto ni wako mama, sema utakavyo." Mama Eliza akasema aachwe. Wakamwacha. Ilipofika saa ya kufunga jeneza akakataa pia. Hakulia, hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na kitana mkononi, magoti ameyaachanisha kidogo, na nafasi katikati. "Bado," akasema. Wanaume nje wakaanza kutazamana. Gari la makaburini lilikuwa limefika. Kila aliyeingia kumsihi alijibiwa, "Bado."

Mwinjilisti akamwita Shangazi pembeni. Mie nilikuwa karibu na beseni la maji. Hakumgombeza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Perusi, yule mama anangoja. Unajua anangoja nini. Atakaa pale mpaka mtoto aharibike mbele ya macho yake. Nimemsomea Neno, hanisikii. Wewe ndiye mwenye kumwambia." Shangazi akaufunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena. Halafu akaingia, nami nikaingia nyuma yake na beseni kwa sababu sikujua pa kuliweka.

Alipiga magoti mbele ya Mama Eliza. "Mama Eliza. Ile ya nywele haimo. Niliitunga mwenyewe. Nusu kichwa, kigoda, kungoja mstari wa mwisho, vyote ni mimi." Nilisikia jinsi kila neno lilivyomtoka kwa shida. Ndege ikapita. Shangazi akangoja kwa mazoea, Mama Eliza naye akangoja, na sote tulikuwa tunamtazama mtoto. Mngurumo ulipokwisha Mama Eliza akasema, "Najua haimo, Mwalimu. Mie nasoma. Nimeisoma hospitali usiku na mchana, haimo." Akakitazama kitana. "Sikuwa nangoja kilichoandikwa. Nilikuwa nangoja kwa sababu wewe ulimwona. Nikasema, kama Mwalimu alimwona amekaa, basi amekaa mahali." Akainuka, akajishika ukutani. "Kama na wewe unasema hukuona, basi. Fungeni."

Wakafunga. Tukazika mvua ikinyesha, na mwezi haukwisha Mama Eliza akahamia Mabibo. Mie nilipata matokeo nikaenda zangu kusoma. Shangazi aliendelea na shule ya Jumapili mpaka miguu ilipomkatalia, lakini tangu siku ile alisoma tu. Alifungua ukurasa, akasoma kama anayesoma tangazo la serikali ya mtaa, akafunga. Mtoto akiuliza mbwa alikuwa wa rangi gani, alijibu, "Haijaandikwa." Kila nilipokwenda kumsalimia nilikuta ndizi zilezile na pazia lilelile, na mwanamke niliyemfuata hayupo. Nilijifunza fasihi, nikafundisha fasihi, nikawaambia wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka kwamba kutunga si kudanganya. Mtu mmoja niliyetaka anisikie hakunisikia. Siku moja nilimkabili. "Shangazi, ulikosa nini? Ulisema ukweli." Alikuwa anamenya ndizi, hakunyanyua macho. "Ndiyo shida yenyewe, Koku. Nilisema nilitunga. Hakuna aliyeniuliza kama niliona." Nilikuwa makamu mkuu wa shule wakati huo, mtu wa majibu, nikachukua kisu nikamenya naye. Aliniumiza kwa miaka, na bado ananiumiza.

Basi nikainuka pale uani, nikaenda kugonga. "Shikamoo, mama. Ni Koku." Kitasa kikazungushwa. Mama Eliza alikuwa amekuwa mdogo, mgongo umekunjika, lakini macho ni yaleyale. Shangazi alikuwa amelala kwenye kitanda chake katika gauni la zambarau, kichwa kimeinuliwa kwa mto. Mvi zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua, kila siku alizifunika. Upande wa kulia zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari myembamba, imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Upande wa kushoto zilikuwa zimechanwa tu, nyeupe, zimesimama. Nikashika fremu ya mlango. Ilikuwa kama mmoja wa wale watoto wa Jumamosi ameacha kukimbia na amekuja kulala hapo.

"Umemwacha nusu," nikasema, na sauti ilinitoka kama ya msichana.

"Nilimkasirikia sana huyu," Mama Eliza akasema. Alikuwa anazitoa nywele zilizonasa kwenye kitana, moja moja. "Nisikufiche. Wote walidhani nilimkasirikia kwa hadithi. Hadithi haikunifanya kitu. Ndiyo imenilaza na kuniamsha miaka yote hii. Nilimkasirikia alipoikana." Ndege ikaanza kunguruma juu ya bati. Mama Eliza akanyanyua kitana juu, bila kufikiri nadhani, na tukangoja, mie na yeye na Shangazi, mpaka ikapita yote. Akakishusha. "Nilikuwa nasema iko siku atakuja Mabibo kufuata ndizi zake, apitilize mpaka kwangu anisimulie tena. Nimepika mara ngapi nikimngojea. Yeye nadhani alikuwa ananiogopa."

"Alikuwa anakuogopa," nikasema. "Na mie nilikuwa najua, sikufanya kitu."

Hakunilaumu wala hakunipoza. Akakiweka kitana mkononi mwa Shangazi, akavikunja vidole juu yake. "Eliza amekwenda na nusu, na Mwalimu anakwenda na nusu. Watasukana," akasema. "Na Mwenyewe na kigoda chake, atawangoja wote wawili."

Nje mchungaji kijana alikuwa anauliza kama marehemu yuko tayari, mlango ukagongwa. Mwanamke mmoja akachungulia, akauona ule upande mweupe, akafungua mdomo. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba marehemu yuko tayari. Nikatwaa kitambaa cheupe kilichokuwa kimeandaliwa, nikakipitisha nyuma ya kichwa chake, nikafunga kwa mbele. Nilikuwa nalia, nikakaza kama mtu anavyokaza akiwa haoni anachofanya. Mama Eliza akanigusa kifundo cha mkono.

"Usikaze sana fundo hilo, Koku. Vidole vya mwanangu unavijua."

Nikalegeza.